Kupunguza uzito kwa lengo linalofikika: mpango wa wiki 12 kwa familia inayokula sufuria moja

Harusi ni Desemba, leo ni Oktoba, na mtu anataka apungue kilo 20. Anaacha ugali, asubuhi anakunywa maji ya limau. Wiki ya kwanza mizani inashuka kilo 3, ya pili nusu kilo, ya tatu haishuki kabisa. Ikifika ya nne amesharudi kwenye chapati na anajiona hana msimamo. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu aliyoanza nayo. Zile kilo 3 za mwanzo nyingi zilikuwa maji: mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, na wanga ukipungua ghafla maji hayo hutoka kwenye mkojo. Mafuta ya mwilini hayaondoki kwa kasi hiyo.

Mpango huu ni wa wiki 12. Tumeuandika kwa ajili ya nyumba ambako sufuria ni moja na walaji ni watano au zaidi, maana ndivyo wengi wanavyoishi hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala au kule Kongwa na Bahi. Ushauri wa kununua samaki wa bei na matunda ya kigeni kwa ajili ya mlaji mmoja haumfai mtu wa nyumba hiyo.

Nani aanzie zahanati

Kama ni mjamzito, lengo la kupunguza uzito lisubiri. Anayenyonyesha azungumze kwanza na mhudumu wa kliniki. Kama uzito wako unashuka wenyewe bila wewe kujaribu, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kiu kali au kukojoa mara kwa mara, hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa, wala usifurahie mizani.

Wanaotumia dawa za kisukari wawe makini zaidi. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide akipunguza chakula huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mwambie daktari unachotaka kufanya kabla hujaanza, ili apange dozi upya. Vivyo hivyo kwa dawa za presha: uzito ukishuka presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inaweza kukuletea kizunguzungu kila unaposimama.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Unahitaji vitu vitatu: mizani, futi ya fundi cherehani na daftari la kurasa chache.

Mizani ya nyumbani iweke juu ya saruji au vigae, kamwe isiwe juu ya zulia au udongo usio sawa, kwa sababu hapo itadanganya. Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Usipokuwa na mizani, tumia ya zahanati, duka la dawa au wale vijana wanaopima uzito na urefu barabarani, ila iwe mizani ile ile na saa zile zile. Ukipima leo asubuhi Majengo na wiki ijayo jioni Sabasaba kwa mizani nyingine, tofauti ya kilo 2 haikuambii chochote.

Jipime Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kisha chukua wastani. Mfano: 85.2, 84.6 na 84.9 jumla yake ni 254.7, gawa kwa 3, wastani ni 84.9. Huo wastani ndio uzito wa wiki. Namba ya siku moja hupanda na kushuka kwa sababu ya chumvi, wali wa usiku, choo kilichochelewa au siku za hedhi. Kwa wanawake wengi uzito hupanda kilo moja au mbili karibu na hedhi na kurudi baadaye, kwa hiyo linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita.

Kiuno nacho kipimwe, na kwa maoni yetu ndicho kipimo cha kuaminika zaidi nyumbani. Tafuta mfupa wa chini kabisa wa mbavu na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati yake, toa pumzi kawaida, soma. Usivute tumbo ndani. Mwanamke aliyezidi sentimita 80 na mwanaume aliyezidi 94 wameanza kuingia kwenye hatari ya kisukari na maradhi ya moyo. Wakizidi 88 na 102, hatari ni kubwa zaidi.

Kisha piga hesabu ya BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu: uzito kwa kilo, gawa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 86 mwenye urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 86 gawa kwa 2.56 ni 33.6. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Aliye chini ya 18.5 hana cha kupunguza, hata kama mavazi yanamwambia vingine.

Hatua ya 2: Chagua kilo chache

Ili afike BMI ya 25, mama wa mfano wetu anapaswa kuwa na kilo 64, yaani apungue 22. Ukimwandikia namba hiyo ukutani, kila siku ataiona kama mlima. Asiiandike. Aandike asilimia 5 ya uzito wake wa leo: 86 mara 5 gawa kwa 100, kilo 4.3. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tayari kunaleta nafuu kwenye presha, sukari na mafuta ya damu, na magoti huipokea nafuu hiyo mapema. Hilo ndilo lengo lake la wiki 12: kutoka 86 hadi kama 81.7.

Gawanya. Kilo 4.3 kwa wiki 12 ni kama gramu 360 kwa wiki. Mwenye uzito mkubwa anaweza kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki bila shida, lakini kwa anayeanza, na anayekula kwenye sufuria ya wote, gramu 300 hadi 500 ni mwendo wa kudumu. Anayeshuka kwa kasi kubwa kwa wiki nyingi hupoteza misuli pamoja na mafuta, nywele huanza kunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye, na mawe ya mfuko wa nyongo huwapata zaidi watu wanaokonda haraka. Mwanamke asile chini ya kalori 1,200 kwa siku na mwanaume chini ya 1,500 bila uangalizi wa mtaalamu.

Hatua ya 3: Geuza kilo ziwe vijiko

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miongozo mingi hupita haraka. "Kupungua kilo 4" huwezi kukifanya leo mchana. Kupima mafuta ya kuungia mboga unaweza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa wiki ni 3,500, karibu nusu kilo. Kinachobaki ni kujua hizo 500 zimejificha wapi nyumbani kwako.

Anza na dumu la mafuta. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu watano inayomaliza dumu la lita 5 kwa wiki mbili, kila mmoja anakula mafuta yenye kalori kama 590 kwa siku, kabla hujahesabu ugali wala nyama. Dumu hilo hilo likidumu wiki nne, kila mmoja amepunguza kama 295 kwa siku, na chakula kwenye sahani hakijapungua hata kijiko.

Lazima tuseme neno kuhusu alizeti, maana Dodoma na Singida ndiko nyumbani kwake. Mafuta ya alizeti ya kukamua hayana kolesteroli, na ni chaguo zuri kuliko mafuta yanayoganda. Lakini gramu moja yake ina kalori 9 sawasawa na mafuta mengine yote. Wengi humimina zaidi kwa kuamini kwamba "haya hayanenepeshi". Yananenepesha.

Namna ya kufanya: chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Kila Jumapili jioni mimina humo lita moja na robo kwa familia ya watu watano, yaani robo lita kwa kila mlaji kwa wiki. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Dumu rudisha kabatini, mpishi atumie chupa tu, na amimine kwa kijiko cha chakula, asiinamishe chupa juu ya sufuria. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Mboga ya watu watano inaungika vizuri kwa vijiko viwili.

Yatakayoharibika ni haya. Chupa itaisha Alhamisi wiki ya kwanza, karibu kila nyumba. Angalia ilikwenda wapi: mara nyingi ni siku moja ya chapati au ya kukaanga samaki. Usiongeze, wala usigombane na mpishi. Panga chapati iwe mara moja kwa wiki na siku hiyo mboga ichemshwe. Tatizo la pili ni moto. Mkaa ukiwa mkali na mafuta ni kidogo, vitunguu huungua kabla ya kulainika, mpishi anaona dawa yake ni kuongeza mafuta. Punguza makaa, weka vitunguu na kijiko kimoja cha mafuta, tia maji vijiko viwili, funika kwa dakika tatu nne, ndipo uweke nyanya. Zitalainika na mchuzi utakuwa mzito. La tatu ni ladha: mafuta yakipungua chakula huonekana kimepooza, kwa hiyo ongeza kitunguu saumu, tangawizi, limau, pilipili hoho au bizari, usiongeze chumvi.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiingizwe kwenye mpango huu. Yeye anahitaji mafuta ili akue. Ongeza karanga za kusaga au maziwa kwenye uji wake, na kijiko cha mafuta kwenye sahani yake ukipenda.

Baada ya mafuta, sukari. Kijiko cha chai kilichojaa kina kama gramu 6. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 54, zaidi ya kalori 200. Shuka polepole: punguza nusu kijiko kwa kila kikombe kila baada ya wiki moja, hadi ufike kijiko kimoja kisichojaa. Ukikata ghafla utarudi. Ulimi unahitaji kama wiki mbili tatu kuzoea. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, kalori kama 145, na haishibishi. Juisi ya zabibu au ya miwa iko karibu na hapo. Zabibu zenyewe, zile freshi za shambani, gramu 100 zina kalori kama 70, kwa hiyo kula tunda. Zabibu kavu ni habari nyingine, kwa uzito ule ule zina kama 300.

Sasa jumlisha. Mafuta 295, sukari ya chai kama 160, soda moja 145: ni 600 kwa siku, na hujagusa ugali. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Kwa maisha ya kweli tarajia pungufu, kwa sababu mwili ukikosa hapa hudai pale.

Ugali na wali viguswe mwisho, tena kwa kupima unga. Kilo moja ya unga kwa watu watano ni gramu 200 kila mmoja, kalori kama 720 kwa mlo. Songa robo tatu ya kilo, inakuwa 540, na pengo lijazwe na mboga. Kwenye sahani, mboga za majani na kachumbari zichukue nusu, ugali robo, na robo iliyobaki iwe maharage, choroko, kunde, dagaa, mayai au nyama. Hiyo robo ya mwisho usiipunguze. Ndiyo inayolinda misuli, na ndiyo inayokufanya usisikie njaa saa kumi jioni.

Watu huuliza kama ugali wa uwele au mtama unapunguza uzito. Kwa gramu ile ile ya unga, uwele, mtama, dona na sembe hupishana kidogo sana kwa kalori. Faida ya uwele, mtama na dona ni nyuzinyuzi: unashiba mapema na sukari hupanda polepole. Ukila sinia la uwele utanenepa kama aliyekula sinia la sembe. Mlenda wenyewe una kalori chache mno na unashibisha, ni mboga ya kujivunia kwa mtu anayepunguza uzito. Mchawi ni karanga: vijiko viwili vilivyojaa vya karanga za kusaga, kama gramu 30, vina kalori 170. Weka, lakini pima.

Hatua ya 4: Chakula cha nje ya nyumba

Anayefanya kazi Mtumba anatoka nyumbani alfajiri na anakutana na chai ya saa nne akiwa na njaa: supu na chapati mbili, soda, halafu mchana wali nyama kwa mama lishe. Chapati moja ya kukaanga ina kalori kama 300. Kula kitu kabla ya kutoka, hata mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu kimoja. Saa nne chukua supu na chapati moja, au supu na ndizi ya kuchemsha. Kwa mama lishe sema kabla hajapakua: "Mama, wali nusu, mboga na maharage nyingi, mchuzi wa juu usiniwekee." Ule mchuzi wa juu ndiko mafuta yanakoelea. Akishakuzoea hatakuuliza tena.

Chipsi mayai sahani moja hufika kalori 800 na kuzidi, kutegemea mafuta na ukubwa. Ifanye iwe ya mara moja kwa wiki mbili, siku unayoijua.

Jumamosi ya mnada wa Msalato nayo ina hesabu yake. Nyama choma na kachumbari si tatizo kubwa ukigawana na wenzako na ukiacha mafuta ya pembeni. Tatizo ni vinavyoifuata. Bia ya mililita 500 ina kalori kama 200, kwa hiyo nne ni 800. Glasi ya mvinyo mkavu ni kama 125, ule mtamu unazidi. Ongeza chipsi, na akiba ya siku tatu imekwisha kabla jua halijazama. Amua idadi ya chupa kabla ya kutoka nyumbani, agiza maji makubwa pamoja na bia ya kwanza, na badala ya chipsi chukua ndizi ya kuchoma.

Hatua ya 5: Tembea, na unyanyue kitu

Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa anatumia kalori kama 150. Andazi moja kubwa lina zaidi ya hapo. Tunalisema hili mapema ili usitembee asubuhi halafu ujizawadie vitafunwa. Mazoezi pekee hupunguza uzito kidogo, lakini watu wanaofanikiwa kukaa kwenye uzito mpya kwa miaka kwa kawaida ni wale wanaojishughulisha.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Kasi iwe ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Jua la Dodoma na upepo wake wenye vumbi havikupi nafasi nyingi: nenda kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni, na miezi ya upepo funga kitambaa puani. Aliyekosa muda akatishe safari fupi za bodaboda. Kilomita moja ni kama dakika 12 kwa mguu. Kushuka daladala kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni, kunaweza kukupa dakika 20 bila kutafuta muda. Mwenye maumivu ya magoti aanze na dakika 10 kwenye njia tambarare na kuongeza dakika 5 kila wiki. Milima ya Mlimwa na Itega isubiri.

Siku mbili kwa wiki nyanyua uzito. Dumu la maji la lita 5 ni kilo 5. Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara 10. Sukuma ukuta kwa mikono, mara 10. Nyanyua dumu kwa kila mkono, mara 10. Pumzika, rudia mara tatu.

Hatua ya 6: Daftari la Jumapili

Safu tano tu: tarehe, wastani wa uzito, kiuno, siku chupa ya mafuta ilipoisha, dakika za kutembea. Jumapili jioni, wakati ule ule wa kujaza chupa, andika. Kiuno kipimwe kila baada ya wiki mbili, kwani kinabadilika taratibu.

Chini ya safu hizo andika sentensi moja ya wiki inayokuja yenye "niki" na "nita". "Nikiletewa soda kikaoni, nitaomba maji." "Nikirudi Ijumaa nimechoka, nitapika mayai na mchicha badala ya kuagiza chipsi." Andika moja. Ukiandika tano, hutakumbuka hata moja ukiwa na njaa.

Uzito ukigoma

Wiki moja bila kushuka haina maana yoyote. Wiki tatu ambazo wastani haushuki na kiuno hakipungui, hapo chunguza kwa mpangilio huu. Kwanza chupa ya mafuta: je, bado inapimwa, au dumu limerudi jikoni kimyakimya? Pili, vinywaji. Tatu, kuonja: anayepika huonja mara nyingi, na anayekula mabaki ya sahani za watoto anaweza kula nusu mlo bila kukaa mezani. Nne, Jumamosi na Jumapili. Kwa watu wengi jibu linapatikana kati ya hayo manne.

Kama yote yako sawa, basi mwili wako umekuwa mdogo na unahitaji kidogo zaidi ya ulivyozoea. Aliyepungua kilo 5 anatumia kama kalori 100 pungufu kwa siku kuliko mwanzo. Punguza unga kidogo au ongeza dakika 15 za kutembea siku nne. Usifanye vyote kwa pamoja, na usiruke milo.

Hapa ndipo wauzaji wa chai na vidonge vya "kukata tumbo" hukuta mtu amechoka. Nyingi ya dawa hizo huharisha au kukojoza: unapoteza maji, mizani inashuka, unakunywa maji, inarudi. Zikitumika kwa muda huvuruga madini ya damu na zinaweza kugusa moyo na figo. Dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, usiimeze, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Misiba, harusi na funga

Msibani na harusini pilau haikwepeki, na si lazima uikwepe. Pakua mwenyewe ukiweza, sahani moja, kachumbari nyingi, usirudi kwenye sufuria. Mlo mmoja mkubwa hauharibu wiki 12. Kinachoharibu ni kusema "wiki hii imeshaharibika, nitaanza Jumatatu" siku ikiwa ni Jumanne.

Mwezi wa Ramadhani baadhi ya watu huongezeka uzito wakati wanafunga, kwa sababu ya futari: sambusa, kaimati, mihogo ya nazi na uji wa sukari kwa saa moja. Futuru kwa tende chache na maji, swali, kisha rudi kwenye mlo wenye mboga na maharage au samaki. Daku isiachwe. Kwaresima nayo, anayefunga hadi jioni asilipize kwa mlo mmoja wa watu wawili. Kwenye miezi hii lengo lako liwe kutoongezeka, na daftari liandikwe hivyo.

Maneno ya watu

Kilo 4 zikishaondoka, mtu atakuuliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" Kwetu mwili mnene bado unasomwa kama maisha mazuri, na kukonda kama ugonjwa au shida ya ndoa. Wako wanaoacha mpango wakiwa katikati kwa sababu ya swali hilo tu. Andaa jibu fupi mapema: "Niko salama, nimepunguza mafuta na sukari." Mama mkwe akisisitiza uongeze ugali, pokea kidogo, shukuru, kula polepole. Mwenza wako na anayepika waambie tangu wiki ya kwanza unachofanya na kwa nini, hasa habari ya chupa, kwa sababu asiyeelewa ataona unabana matumizi.

Baada ya wiki 12

Usiruke moja kwa moja kwenye asilimia 5 nyingine. Kaa wiki nne kwenye uzito uliofika. Chupa ya mafuta na kipimo cha sukari vibaki, rudisha sehemu ndogo ya ugali, na uendelee kujipima siku zile zile. Kama mama wa mfano wetu amefika 81.7 na akakaa hapo mwezi mzima, asilimia 5 inayofuata ni kilo 4.1, kwa wiki 12 nyingine. Kama alifika 83 tu, ameshapungua kilo 3, na akae hapo hapo kwa mwezi huo kabla ya kuendelea. Wastani ukipanda kilo 2 juu ya uzito uliofika, kwa wiki mbili mfululizo, asisubiri mwaka mpya: Jumapili ile ile atoe chupa, aangalie alama, na aanze kumimina upya.